Barua ya wazi: Zulia lisiingie Uganda kabla hajajulikana atakayelipokea likichakaa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji na Mazingira. Kwa wakuu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) na wa Shirika la Viwango la Taifa (UNBS). Kwa viongozi wa Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala (KCCA). Na kwa waagizaji wote wa mazulia nchini Uganda.

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa kutandika mazulia, na kazi hii nimeifanya hapa Kampala kwa miaka 19. Nimetandika ofisi, hoteli, misikiti, makanisa na nyumba za watu, na karibu kila nilipotandika zulia jipya kulikuwa na la zamani ambalo nilipaswa kuling'oa kwanza. Kuhusu lile jipya nimeulizwa maswali mengi: rangi, unene, bei ya mita, litadumu miaka mingapi. Kuhusu lile la zamani nimeulizwa swali moja tu kwa miaka yote hiyo, nalo ni, "Fundi, utalitoa lini?" Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza litakwenda wapi.

Nawaandikia kwa Kiswahili, lugha rasmi ya pili ya nchi yetu tangu Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, kwa sababu ndiyo lugha ya karakana yetu hapa Katwe, ambako kijana wa Arua, dereva wa lori aliyeleta mzigo kutoka Mombasa na Mnubi wa Bombo kama mimi huelewana bila mkalimani. Ombi langu ni moja na nitalisema mapema ili msomaji asilitafute: zulia lisiruhusiwe kuingia Uganda kabla hajajulikana atakayelipokea siku litakapong'olewa, na gharama ya siku hiyo ibebwe na anayeliingiza na anayelinunua, wala isimwangukie mkazi wa bondeni ambaye hajawahi hata kulikanyaga.

Niruhusuni nianze na jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Miaka sita iliyopita nilipewa kazi ya kung'oa zulia la vipande katika ghorofa moja ya ofisi katikati ya jiji. Eneo lilikuwa la mita za mraba 600. Kila kipande kilikuwa cha sentimita 50 kwa 50, maana yake vipande 2,400, na kwa kuwa kipande cha aina ile chenye mgongo mzito hukaribia kilo moja, tulikuwa na zaidi ya tani mbili za kuteremsha kwa ngazi, kwani lifti tulikatazwa. Tulianza Jumamosi jioni. Msimamizi wa jengo alitaka sakafu iwe tupu kabla ya Jumatatu saa mbili asubuhi, na katika mkataba, ambao ninao mpaka leo, zulia lile limetajwa kwa maneno mawili: kuondoa takataka. Vipande vingi vilikuwa vizima kabisa. Chini ya makabati rangi yake ya samawati ilikuwa haijaguswa na jua wala kiatu. Nilimwomba msimamizi siku tatu ili nivitafutie watu wa kuvichukua, akanijibu kwamba hana pa kuviweka hata kwa saa tatu. Dereva wa lori akaniambia anapajua mahali. Nilikuwa nimechoka, nikamlipa, sikumuuliza ni wapi.

Wiki mbili baadaye ilinyesha mvua kubwa. Nilikuwa napita Bwaise, mtaa wa bondeni hapa Kampala, kwenda kwa mteja, nikawakuta vijana wakizibua mtaro kwa majembe, maji yakiwa yameshafika milangoni mwa watu. Katika lundo walilolitoa, katikati ya chupa na makaveera, ile mifuko ya plastiki, niliona kipande cha samawati. Nikakigeuza. Mgongoni palikuwa na namba 14 kwa wino mzito mweusi, na mwandiko ulikuwa wangu, kwa sababu huwa nazihesabu safu ninapong'oa. Mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni kwake na beseni, akichota maji sebuleni na kuyamwaga nje, nayo yakimrudia ndani. Sikuwa na la kumwambia. Tangu siku hiyo dereva haondoki kwangu mpaka aniambie anakokwenda, na ndiyo sababu nusu ya karakana yangu leo imejaa mazulia ambayo sina pa kuyapeleka.

Kilichotokea Kiteezi mnakijua kuliko mimi. Dampo lile lililofunguliwa mwaka 1996 liliendelea kubebeshwa taka za jiji mpaka tarehe 10 Agosti 2024 lilipoporomoka na kuzifukia nyumba za watu, na watu wasiopungua 35 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba mazulia ndiyo yaliyoliangusha. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni maganda ya ndizi na mabaki ya vyakula, na yeyote anayetafuta dawa ya jambo hili lazima aanzie huko. Lakini ganda la ndizi huoza likawa udongo. Zulia la nailoni au la polipropilini haliozi. Hunywa maji, huongezeka uzito, hujishika na kila kilicho jirani yake, na ukilifukua baada ya miaka 20 utalikuta na maua yake.

Naomba mnivumilie nieleze zulia limeundwaje, kwa kuwa ugumu wote wa kulirejeleza umo humo. Ukichukua kisu kikali ukakata zulia la kawaida la kuviringisha, utaona kwamba ni vitu vinne au vitano vilivyounganishwa kwa nia ya kutoachana kamwe. Juu kuna nyuzi tunazozikanyaga, ambazo huwa za nailoni, poliesta, polipropilini au sufu. Nyuzi hizo zimeshonwa kwenye kitambaa chembamba, aghalabu cha polipropilini. Chini ya kitambaa hupakwa gundi ya mpira iitwayo lateksi, ambayo imechanganywa na unga mwingi wa chokaa ili iwe nzito na ya bei nafuu, kisha hubandikwa kitambaa cha pili. Vile vipande vya mraba, badala ya lateksi na kitambaa, mara nyingi huwa na mgongo wa lami au wa plastiki iitwayo PVC. Unga wa chokaa peke yake huweza kufika theluthi ya uzito wa zulia, wakati mwingine zaidi, nao hauna thamani yoyote kwa mtu anayetafuta nyuzi. Likunjeni zulia kuukuu mara moja tu mtauona: humwagika mweupe kutoka mgongoni, hukaa kwenye nyusi na kwenye nywele, na kesho yake vijana wangu hukohoa hata kama walifunga vitambaa puani.

Mwenye kiwanda cha kuchakata hanunui zulia. Ananunua nailoni, au ananunua polipropilini, na ni lazima ajue ni ipi anayoletewa. Hata nailoni zenyewe ziko za aina mbili kubwa. Nailoni 6 inaweza kurudishwa kwa joto na mvuke mpaka kwenye kemikali mama yake, kaprolaktamu, ikasafishwa na kufanywa uzi mpya usio na tofauti na ule wa kwanza. Nailoni 6,6 haikubali njia hiyo kwa urahisi, kwa hiyo kwa kawaida huyeyushwa na kukatwa punje za kutengenezea vipuri vya magari na vitu vya namna hiyo. Polipropilini nayo huyeyushwa ikawa punje. Poliesta, ambayo imejaa madukani siku hizi kwa sababu ni rahisi, ikishatumika kama zulia hupata wanunuzi wachache sana.

Viwanda vya wenzetu hutambua aina hizi kwa kifaa cha mkononi kinachomulika uzi kwa mwanga wa infraredi na kutoa jibu papo hapo. Mimi nina beseni la maji na kibiriti. Nang'oa kishungi cha nyuzi, nakikamua hewa yote ndani ya maji, kisha nakiachia. Kikielea ni polipropilini, kwa kuwa katika nyuzi hizo nne ndiyo pekee iliyo nyepesi kuliko maji. Kikizama nakikausha na kukiwasha huku nimekishika kwa koleo: kikitoa harufu ya nywele zinazoungua na kuacha majivu yanayosagika vidoleni, ni sufu, kikiyeyuka na kuacha tone gumu, ni nailoni au poliesta, na hapo jicho na pua vilivyozoea vinaweza kukisia, ingawa vinakosea pia. Kuitenganisha nailoni 6 na 6,6 kwa njia hii haiwezekani, hata kwa fundi mwenye miaka 40 kazini. Kazi yote hiyo isingekuwapo kama mgongoni mwa zulia pangechapishwa jina la uzi wake.

Wenye viwanda wa nchi zilizotutangulia wameshaipita njia hii, na kwa maoni yangu makosa yao yana faida kwetu kuliko sifa zao. Kitovu cha mazulia cha Marekani ni mji wa Dalton katika jimbo la Georgia. Mwaka 1999, katika mji wa Augusta wa jimbo hilohilo, kilifunguliwa kiwanda kikubwa kilichoitwa Evergreen, chenye kazi ya kugeuza nailoni 6 ya mazulia makuukuu kuwa kaprolaktamu. Mwaka 2001 kikafungwa. Mitambo ilikuwa inafanya kazi yake, lakini nailoni iliyotoka humo haikuweza kushindana kwa bei na ile mpya inayotokana na mafuta ghafi. Kampuni ya Shaw ilikinunua baadaye, na mwaka 2007 kikaanza tena.

Mwaka 2002 wenye viwanda wa Marekani, shirika la serikali yao la mazingira, baadhi ya majimbo na asasi za kiraia walitia saini makubaliano ya hiari, wakaunda asasi iitwayo CARE na kujiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2012, asilimia 40 ya mazulia yanayong'olewa isiende kwenye madampo. Mwaka huo ulifika, na lengo likiwa bado mbali. Hesabu za shirika hilo la mazingira za mwaka 2018 zinaonyesha kwamba kati ya tani milioni 3.4 za Kimarekani za mazulia na vitandiko vilivyotupwa, zilizorejelezwa ni asilimia 9.2 tu, na sehemu kubwa ya zilizosalia zilifukiwa ardhini. Hawa ni watu wenye vifaa vya infraredi, wenye barabara nzuri, wenye viwanda vya nyuzi mlangoni mwao. Walichokikosa ni mtu aliyelazimika kulipa.

Jimbo la California lilichoka kungoja. Mwaka 2010 lilipitisha sheria, na kuanzia Julai 2011 kila mnunuzi wa zulia jipya jimboni humo hulipa ada inayoonekana kwenye risiti yake, ambayo ilianza kwa senti 5 kwa kila yadi ya mraba na imepandishwa mara kadhaa tangu hapo. Fedha hiyo hulipwa wale wanaokusanya, wanaotenganisha na wanaotengeneza bidhaa kwa nyuzi zilizorejelezwa. Mwaka 2017 wabunge waliongeza lengo kisheria, kwamba ifikapo tarehe 1 Januari 2020 asilimia 24 ya mazulia yanayotupwa iwe inarejelezwa. Lilichelewa, lakini baadaye lilifikiwa na kupitwa. Jimbo la New York nalo lilipata sheria ya aina hiyo Desemba 2022. Nimeyafuatilia mambo haya kwa miaka kadhaa, jioni baada ya kazi, na jambo linalonigusa zaidi ni kwamba mchakataji anaweza kuivumilia miezi ambayo plastiki mpya inauzwa kwa bei ya chini kabisa endapo anajua kwamba kila kilo anayoipokea ina malipo yake yasiyotegemea soko la mafuta.

Ziko kampuni zilizofika mbali zaidi. Aquafil ya Italia, tangu mwaka 2011, hutengeneza uzi mpya wa nailoni mjini Ljubljana, Slovenia, kutokana na nailoni 6 iliyotupwa, zikiwamo nyavu za wavuvi na nyuzi za mazulia. Niliposoma habari hiyo nilizifikiria nyavu haramu zinazokamatwa na kuchomwa moto kwenye fukwe za ziwa letu la Nalubaale (Viktoria), moshi wake mweusi ukionekana kutoka mbali. Nyingi ni nailoni. Labda siku moja kontena moja litabeba nyavu zetu na mazulia yetu pamoja, lakini hilo ni jambo la mbele, na sitaki kuwapotezea muda kwa ndoto.

Maana hapa kwetu hakuna kiwanda cha kuyeyusha nailoni ya mazulia, na sidhani kama ndicho tunachokihitaji kwanza. Tunayo desturi ambayo Dalton hawana: zulia letu halifi mara moja. Likitoka ofisini huenda sebuleni, kutoka sebuleni huenda barazani, na mwisho wake utaliona limekatwa vipande vya kufutia miguu au limewekwa chini ya benchi la fundi viatu. Desturi hiyo ni mali, na sera yoyote itakayoivunja kwa jina la usasa itakuwa imetudhuru.

Miaka mitatu iliyopita, wiki chache kabla ya Ramadhani, kamati ya msikiti mmoja wa jijini iliniita kubadilisha zulia la swala. Mzee aliyekuwa mkuu wa kamati alinionyesha risiti ya muuzaji, ya miaka 11 nyuma, iliyoandikwa kwamba uzi ni polipropilini. Zulia lilikuwa halijabandikwa kwa gundi. Lilitandikwa juu ya sponji na kushikwa pembeni tu. Tuliliviringisha kwa kufuata mistari ya safu, tukalipiga vumbi uani, tukalifua na kulikausha kwa siku mbili za jua, na mzee yule alisimama pale mpaka sehemu ya mwisho iliyoviringishwa ikafungwa kamba. Zulia hilo leo liko katika misikiti mitatu midogo na madrasa moja wilayani Luweero. Halikwenda mtaroni kwa sababu tatu nyepesi: aina yake ilijulikana, lilikuwa kavu, na kulikuwa na mtu aliyehesabu kwamba bado ni lake.

Hata hivyo si kila zulia linafaa kwenda kila mahali, na hapa nawasihi watu wa NEMA wanisikilize. Kwa miaka mingi mazulia mengi yalipakwa kemikali za jamii ya PFAS ili yasishike madoa. Kemikali hizo hazivunjiki zenyewe, na California ilianza mwaka 2021 kuziwekea udhibiti maalumu katika mazulia. Zulia la namna hiyo tukilipeleka kwenye chumba cha watoto wachanga au tukalitandika jikoni kwa nia njema, tutakuwa tumempa mtu sadaka yenye sumu. Na kuyachoma ni vibaya zaidi. Nailoni na sufu zikiungua hutoa gesi yenye sianidi, na PVC hutoa moshi wa asidi pamoja na sumu ya daiksini, lakini jioni nyingi nimeona vipande vikiwashiwa moto nyuma ya maduka, watoto wakiwa wamekaa kando yake kuota.

Sasa nieleze ninachowaomba kwa vitendo. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 pamoja na Kanuni za Udhibiti wa Taka za 2020 tayari zimelibeba wazo kwamba mzalishaji au mwingizaji wa bidhaa anaendelea kuwajibika hata baada ya kuiuza. Majirani zetu wa Kenya wamelitia wazo hilohilo katika sheria yao ya mwaka 2022. Hatuhitaji kutunga sheria mpya kuanzia sifuri. Tunahitaji zulia litajwe waziwazi miongoni mwa bidhaa zinazohusika, na utaratibu wake ujulikane.

UNBS hukagua bidhaa nyingi katika nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa melini. Katika ukaguzi huo na iongezwe sharti moja kwa mazulia: mgongoni, kwa wino usiofutika, pachapishwe aina ya uzi, ikiwa ni nailoni basi 6 au 6,6, aina ya mgongo, mwaka wa kutengenezwa, na kama limepakwa dawa ya kuzuia madoa au la. Sharti hili ni rahisi kuliko yote, kwa kuwa kiwanda kinachotengeneza zulia kinajua vizuri kilichotia ndani yake. Mimi naomba lianze hili hata kama mengine yatachelewa, kwa sababu zulia linalotandikwa mwaka huu bila alama litang'olewa bila alama miaka 10 au 15 ijayo, na fundi wa wakati huo atakuwa amesimama juu ya beseni kama mimi.

Kuhusu fedha, forodha tayari inayatenga mazulia. Katika orodha ya ushuru inayotumika duniani kote, mazulia ya nyuzi yamo katika Sura ya 57, kwa hiyo kinachoingia Malaba na Busia kinahesabika bila kuajiri hata mtu mmoja zaidi. Napendekeza ada ndogo kwa kila mita ya mraba, kwa mfano shilingi 500, ambayo kwa sebule ya mita 20 ni shilingi 10,000, chini ya gharama ya kusafirisha zulia lenyewe hadi nyumbani kwa mteja. Lakini, na hili nalisisitiza kwa heshima zote, fedha hiyo isipotee ndani ya mfuko mkuu wa Hazina. Iwekwe mahali pake, itangazwe kila mwaka imepatikana kiasi gani, na imlipe kwa kilo kila anayeleta zulia kavu lililotenganishwa, awe ni kampuni au kijana mwenye mkokoteni. Vijana wa Kampala wamekuwa wakiokota chupa za plastiki kwa sababu kuna anayezipima na kuzilipia. Wakilipwa kwa zulia, hawatahitaji kuhutubiwa.

KCCA nayo naiomba paa tu. Siombi kiwanda. Ghala moja lenye sakafu ya saruji iliyoinuliwa, mzani na mlango unaofungwa, katika kila moja ya divisheni tano za jiji, litatosha kwa kuanzia. Zulia likilowa uzito wake huongezeka maradufu, ukungu huingia, na hakuna mchakataji wala msikiti utakaolipokea tena. Nimepoteza mizigo mizuri kwa usiku mmoja wa mvua kwa sababu turubai lilikuwa na tundu.

Na Serikali ianze na sakafu zake yenyewe. Wizara, mamlaka na mashirika ya umma hubadilisha mazulia kila inapokuja bajeti ya ukarabati, na kila zabuni ninayoiona huorodhesha mita zitakazotandikwa, huku ile kazi ya kung'oa ikimezwa katika mstari wa takataka. Zabuni na iseme: atakayeshinda atang'oa kwa kutenganisha, atapewa siku za kutosha, ataonyesha risiti ya mahali alikopeleka kila tani, na hatalipwa sehemu ya mwisho ya fedha yake mpaka risiti hiyo ipatikane. Pia na iseme kwamba vipande visibandikwe kwa gundi ya kudumu mahali ambapo gundi nyepesi ya kushika inatosha. Mteja mmoja mkubwa akishikilia masharti hayo kwa miaka miwili, kila muuzaji mjini atayajua.

Ndugu waagizaji, wengi wenu tunafahamiana, na baadhi yenu mmenipa mkopo wa mali nilipokuwa sina kitu. Najua mtasema biashara ni ngumu, shilingi inayumba, na kwamba zulia la magendo halitalipa ada yoyote. Hoja ya magendo ni ya kweli, na ndiyo maana alama ya mgongoni ni muhimu: zulia lisilo na alama litajulikana dukani kwa kuligeuza tu. Kuhusu bei, ninyi ndio mnaojua ni kiasi gani mteja hupunguziwa kwa kuomba mara moja; shilingi 500 kwa mita haitamrudisha nyumbani. Kuna pia lile kapeti la plastiki la kuviringisha, linalotandikwa katika vyumba vya kupanga kila mtaa, ambalo forodha huliweka katika fungu jingine na ambalo huenda ni jingi kuliko haya yote ninayoyazungumzia. Linastahili barua yake, nami sijalisahau.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tuamini kwamba jambo hili halitakuwa kama kaveera. Lilipigwa marufuku mwaka 2009 katika sheria ya fedha, na leo mchana nimenunua nyanya zikatiwa ndani yake. Nadhani tofauti iko katika njia. Kwa kaveera tulimwambia muuza nyanya aache kitu bila kumpa kingine cha kushika mkononi. Hapa siombi mtu yeyote akatazwe zulia. Naomba liandikwe jina, lilipiwe mlangoni, na liwe na paa la kulipokea, mambo matatu ambayo kila moja lina ofisi yake kati yenu ninyi niliowaandikia, na hakuna hata moja linalongoja mfadhili.

Katika karakana yangu nina mbao mbili nilizozipigilia vipande 46 vya mazulia niliyoyang'oa kwa mikono yangu. Chini ya kila kimoja nimeandika kilipotoka, kilikaa sakafuni miaka mingapi, kilielea au kilizama, na kiliungua vipi. Vipande tisa nimeviandika "sijui". Nitazileta mbao hizo katika ofisi yoyote kati ya zenu, siku na saa mtakayopanga, ili wataalamu wenu wavipime kwa vifaa bora kuliko beseni langu na kunisahihisha nilipokosea. Nitakuja pia na kile kipande cha samawati, namba 14, ambacho sijakifua, na tope la Bwaise bado limeganda mgongoni mwake.

Wenu kwa heshima,

Fundi wa mazulia,
Katwe, Kampala